Kabla ya Kurudi Uwanjani Baada ya Upasuaji wa Bega

"Miezi sita" ndilo jibu ambalo wachezaji wengi waliopasuliwa bega hulikariri, na ndilo linalowaponza. Muda ni sharti mojawapo tu. Ukitimia, vipimo ndiyo kwanza vinaanza.

Jua kwanza ulifanyiwa nini hasa. Bega lililokuwa likitoka mara kwa mara, ukingo wa tundu lake ukashonwa (upasuaji wa Bankart), kwa kawaida husubiri takriban miezi sita kabla ya michezo ya kugongana. Katika upasuaji wa Latarjet, daktari huhamisha kipande cha mfupa na kukikaza kwa skrubu mbele ya tundu. Hapo la kujua ni kama mfupa umeunga, na picha ya CT ndiyo inayoonyesha hilo vizuri zaidi. Kano iliyochanika ikashonwa huchelewa kupona, na mchezaji wa kurusha anaweza kukaribia mwaka mzima. Omba ripoti ya upasuaji umpelekee mtaalamu wa fiziotherapia, maana hawezi kupanga mazoezi ya bega asilojua lilishonwa wapi.

Kutosikia maumivu kusikudanganye. Mara nyingi maumivu huisha kabla kilichoshonwa hakijashika vya kutosha kuhimili mvuto wa ghafla. Vijana chini ya miaka 20 wawe waangalifu zaidi, kwani wao ndio ambao bega hutoka tena kwa wepesi.

Baada ya hapo ni mwendo na nguvu. Mkono uinuke na kuzunguka kwa ukamilifu bila mchezaji kupinda mgongo ili kuusaidia. Nguvu ipimwe kwa kifaa, hasa ya kuzungusha mkono kwenda nje na ndani, kisha ilinganishwe na upande mzima, yaani usioumia. Wengi hutaka angalau asilimia 90. Kwangu mimi kiwango hicho kina walakini: mkono mzima nao umedhoofika kwa miezi ya kukaa nje, na mrusha mkuki hutarajiwa kuwa na nguvu zaidi kwenye mkono anaorushia. Kama kuna vipimo vya kabla ya kuumia, hivyo ndivyo vya kulinganishia.

Kuna jaribio moja lisilohitaji mashine. Mchezaji anakaa mkao wa pushapu, viganja juu ya mistari miwili iliyoachana sentimita 91. Kwa sekunde 15 anavusha mkono mmoja kugusa mwingine, anaurudisha, kisha anavusha wa pili. Kugusa mara 21 ni kiwango kinachotumiwa sana. Lakini usihesabu tu. Simama nyuma yake uangalie kama mfupa bapa wa bega unachomoza mgongoni, au kama kiwiliwili kinaegemea upande mzima. Kisha rudia jaribio mwishoni mwa mazoezi, akiwa amechoka, kwa sababu mechi haimsubiri apumzike.

Hofu nayo hupimwa. Mkono ukiinuliwa pembeni, kiwiko kikakunjwa, kisha ukazungushwa nyuma kama wa mtu anayetaka kurusha, tazama uso wake. Akikaza misuli au akakwambia "acha hapo", bado. Lipo pia dodoso la SIRSI, linalouliza jinsi mchezaji aliyetokwa na bega anavyojiamini. Mchezaji wa raga anayekwepa kukaba kwa bega lililopasuliwa hukaba vibaya, na hujiumiza kwingine.

Kurudi kwenyewe kuna hatua. Mwafaka wa wataalamu uliofikiwa Bern, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2016 ulitenganisha kurudi kushiriki mazoezi, kurudi kwenye mchezo wako na kurudi kwenye kiwango chako. Golikipa anaweza kukimbia na kupiga mpira mapema sana, lakini kuruka na kuangukia bega ni jambo jingine kabisa: aanze akiwa amepiga magoti juu ya godoro, halafu asimame, halafu aende nyasini. Mrushaji aanze na umbali mfupi na nguvu kidogo, kwa siku za kupishana.

Nani aamue? Daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, kocha na mchezaji wakubaliane vigezo mapema na kuviandika, kabla ratiba ya fainali haijatoka. Na hata akisharuhusiwa, maumivu yanayoendelea hadi kesho yake baada ya mazoezi yamrudishe hatua moja nyuma.