Kuzalisha malkia wa nyuki ukiwa na mizinga miwili mitatu tu

Watu wengi wakisikia kuzalisha malkia wanaona ni kazi ya wakubwa, wale wenye mizinga mia na vifaa vya ajabu ajabu. Si kweli bana. Malkia anatengenezwa na nyuki wenyewe, we kazi yako ni kuwaandalia mazingira na kuhesabu siku, na niseme mapema kabisa kwamba malkia kuwa mzuri au mbovu kunategemea zaidi nyuki wanaomlisha kuliko ustadi wa mkono wako.

Yai la malkia na yai la nyuki kibarua ni lile lile, tofauti inaletwa na chakula. Yai linakaa siku 3, linaanguliwa lava, yaani mtoto wa nyuki kama funza mweupe, na lava wote mwanzoni wanapewa maziwa ya nyuki (chakula cheupe wanachokitoa nyuki vijana), ila wa kuwa malkia anamwagiwa mengi mpaka anaogelea humo na hapunguziwi mpaka seli, yaani kile kitundu cha nta anamokulia, inafunikwa, karibu siku ya 8 au ya 9 tangu yai litagwe. Siku ya 16 hivi anatoka. Kibarua anachukua siku 21, dume 24. Hizo namba ziandike kwenye mlango wa stoo, maana ukikosea tarehe hata siku mbili kazi yote inaharibika.

Sasa kabla hujagusa chochote angalia madume. Dume akishatoka kwenye seli anahitaji kama wiki mbili nyingine ndo aweze kupanda, kwa hiyo ukianza wakati mizinga yako haina hata majana (mayai na watoto wa nyuki ndani ya sega) ya madume yaliyofunikwa utapata malkia wazuri tu wasio na wa kuwapanda. Na msimu uwe wa maua, chavua inaingia kila siku. Kipindi cha njaa unaweza kulisha sukari ukapata seli, lakini mi nasema subiri tu, malkia wa njaa anakuwa mdogo na hadumu.

Kundi mama, yaani la kutoa mayai, lichague kwa tabia uliyoiona msimu mzima na sio wiki moja: wapole, wanajaza asali, wasafi, hawana tabia ya kutoka makundi kila wakati, yaani malkia na nyuki wengi kuhama kwenda kuanzisha kundi jingine. Hii ya mwisho watu wanaisahau, wanakuta seli za kutoka kundi wanazikata wanafurahi malkia wa bure, kumbe wanaendeleza ukoo wa nyuki watorokaji.

Njia ya kuanzia kwa maoni yangu sio ile ya kuhamisha lava kwa kijiti. Chukua fremu (kiunzi cha mbao kinachobeba sega) yenye sega jipya laini, tupu, iweke katikati ya majana ya kundi mama. Siku ya nne rudi, utakuta mayai na lava wadogo kabisa, na unaowataka ni wale wa chini ya siku moja, ukubwa wake kama yai lenyewe, kalalia kitone cha maziwa. Ukimwona vizuri bila kukaza macho huyo kashazidi umri, achana naye. Kata ukingo wa chini wa sega kwa kisu chenye moto kidogo, kata kama meno ya msumeno ili lava wadogo wabaki pale pembeni, halafu kwenye ule ukingo acha lava mmoja, ua wawili wanaofuata, acha mmoja, hivyo hivyo, ili seli zipate nafasi ya kukua bila kushikana. Basi, fremu iko tayari. Ukija kutaka idadi kubwa ndo ujifunze kijiti na vikombe vya nta, na huko sheria ni mbili, lava asigeuzwe upande na asikauke (funika kwa kitambaa chenye unyevu, fanya haraka).

Kundi la kulelea ndo roho ya kazi yote. Chagua kundi lako lenye nguvu kuliko yote, mtoe malkia wake na fremu moja ya majana na nyuki wake umweke kwenye mzinga mdogo pembeni, usimuue, utamhitaji. Toa fremu zote zenye mayai na lava wadogo uwape makundi mengine, ili wasiwe na kitu kingine cha kutengenezea malkia isipokuwa hao utakaowaletea. Acha fremu za majana yaliyofunikwa, asali, na ya chavua iwe jirani kabisa na nafasi utakayoweka fremu yako. Halafu ongeza nyuki, kung'utia humo fremu mbili tatu za majana kutoka mzinga mwingine (hakikisha malkia wa huko hayumo!!), maana nyuki wanaolea ni wale vijana wanaokaa juu ya majana. Unataka msongamano wa nyuki mpaka wanamwagika ukifungua mfuniko. Wape maji ya sukari, sukari na maji sawa kwa sawa. Waache masaa machache wagundue hawana malkia, utasikia sauti ya mzinga imebadilika, wanavuma kwa kunung'unika, hapo weka fremu.

Kesho yake chungulia haraka. Seli zilizokubaliwa zina mdomo wa nta unaoshuka chini na nyuki wamezizunguka. Wakikubali kumi na tano usifurahi sana, kwa mzinga mmoja mimi naacha chache kidogo zilishwe vizuri. Baada ya siku nne tano pitia fremu NYINGINE zote uvunje seli zozote walizojijengea wenyewe, kwa sababu wanaweza kuwa wameanzia lava mkubwa, huyo atatoka kabla ya wako na atazitoboa seli zako zote aue ndugu zake humo ndani. Seli moja tu iliyojificha kwenye kona inatosha. Ila fremu yenye seli zako usiikung'ute wala kuilaza, fukuza nyuki kwa brashi taratibu.

Siku ya 10 baada ya kuweka fremu gawa seli. Kila seli na mzinga wake mdogo, fremu mbili au tatu, moja ya majana yaliyofunikwa, moja ya asali, na nyuki vijana wa kutosha maana wazee watarudi walikotoka. Ikate na kipande cha sega juu yake, ncha ikiangalia chini, isipoe njiani, kwa ndani wanaishi kwenye joto la nyuzi 34 au 35 za Selsiasi. Tundu la kuingilia liwe dogo, wasije kuibiwa asali.

Kisha usifungue. Hapa ndo wengi uvumilivu unawashinda. Malkia bikira ni mwoga, anarukaruka, na anatoka kwenda kupandwa akiwa na umri wa wiki moja hivi, siku za jua na upepo mdogo, anapandwa hewani na madume wengi, kumi, ishirini, akirudi anaanza kutaga siku chache baadaye. Angalia wiki mbili na nusu baada ya malkia kutoka kwenye seli. Mayai mawili kwenye tundu moja la sega mwanzoni sio shida, malkia mpya anajifunza. Mayai mengi yaliyobandikwa ukutani mwa tundu hiyo ni shida, vibarua wanataga. Na zikipita wiki nne hakuna yai, au kuna majana ya madume tu, huyo hakupandwa, mtoe.

Wakishataga waache mpaka uone majana yamefunikwa vizuri bila mapengo mengi ndo uamue nani anakwenda wapi. Unapomhamishia kwenye mzinga mkubwa mtoe malkia wa zamani kwanza, mpya aingie kwenye kizimba chenye tundu lililozibwa na sukari ngumu, wenyewe watamfungua kidogo kidogo wakiwa wameshazoea harufu yake. Mmoja mbakize akiba kwenye kale kamzinga kadogo, na kila baada ya wiki kadhaa mpe fremu ya majana yaliyofunikwa nyuki wasije wakaisha, au akijaza kupita kiasi mpunguzie fremu moja uipe kundi dhaifu.