Kukifufua kisu cha zamani kwa ajili ya shoga anayekatia vitunguu mkononi

Shoga yangu anapika pilau za harusi hapa Tanga, na vitunguu vyote anavikatia mkononi. Ubao hautaki. Kitunguu kinakaa kwenye kiganja cha kushoto, kisu kinavutwa kuelekea kidole gumba, vipande vinadondokea kwenye sinia. Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo lililoamua karibu kila kitu nilichokifanya kwenye kisu chake. Kabla hujanunua msasa, kaa jikoni kwa huyo unayemtengenezea, umwangalie anavyokata. Kisu cha mtu anayegongagonga ubaoni na kisu cha mtu anayevutia kidoleni havitengenezwi sawa.

Nilikipata kwa muuza chuma chakavu. Bapa lake lilikuwa na urefu wa sentimita 15, jembamba kwa kunolewa miaka mingi, mpini umepasuka, kutu imetapakaa kotekote. Karibu na mpini paligongwa mhuri: SHEFFIELD. Huo ni mji wa Uingereza uliofua visu kwa karne nyingi, na ndiko Harry Brearley alikotengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913. Hiki changu ni cha aina ile nyingine, chuma cha kaboni, ambacho hushika kutu lakini hunoleka kwa urahisi na kutoa makali mazuri sana. Wembamba wake, ambao mwingine angeuona ni uchakavu, mimi niliuona ndio hasa unaofaa kwa mtu wa kukatia mkononi.

Kujua aina ya chuma si kazi. Safisha sehemu ndogo, dondoshea limau, usubiri dakika chache. Chuma cha kaboni kitapiga weusi. Kisichoshika kutu kitabaki kilivyo. Sumaku haitakusaidia, kwani hata visu vingi visivyoshika kutu huvutwa nayo. Kisha pitisha tupa kwa wepesi kwenye makali, karibu na mpini. Ikiteleza au ikiuma kidogo tu, chuma bado ni kigumu. Ikizama kirahisi na kutoa unga, basi huenda kisu kiliwahi kuingia motoni kikapoteza ugumu wake, na hakuna kinoo kitakachoyafanya makali yake yadumu. Kiache, tafuta kingine. Angalia pia kama kuna ufa unaoanzia kwenye makali kupanda juu. Mapengo madogo yasikutishe.

Kwa kutu nilianza na mafuta ya taa. Kisu kililala humo usiku kucha, asubuhi nikakisugua kwa waya wa kusugulia sufuria, nikafuata urefu wa bapa. Palipogoma nikazungushia kitambaa kilicholoweshwa siki, nikawa nakifungua kila baada ya dakika 20 kutazama. Siki usiiache ikae siku nzima, maana ikishamaliza kutu inahamia kwenye chuma chenyewe. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki ufe, osha kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe kabisa, kausha hapo hapo.

Sasa utaona bapa lina rangi ya kijivu iliyokolea, mahali pengine inaelekea kwenye buluu. Naomba usiiondoe. Kutu nyekundu imelegea, inashika unyevu na kuendelea kula chuma. Ule ukijivu umeshikamana na chuma na unaikawiza kutu mpya. Watu wengi wanakimbilia mashine ya kung'arisha mpaka kisu kinakuwa kioo, na mhuri wa aliyekifua unafutika. Mimi napitisha msasa wa namba 400, halafu 800, wenye maji, kwa mkono, na pale penye mhuri sipagusi. Vishimo vya kutu vilivyo katikati ya bapa havina madhara, viache. Vilivyo kwenye makali ndivyo vya kuondoa, kwa sababu hapo ndipo yatakapomeguka.

Na usikubali mtu akuwekee kisu hiki kwenye grainda. Chuma chembamba hupata moto upesi. Ukiona kimegeuka buluu karibu na makali, joto limefika kwenye nyuzi 300 hivi na ugumu wa pale umeshapungua.

Mpini wa zamani niliutoa kwa kukata kwa tupa vichwa vya ribiti, zile pini zinazoushikilia mpini, kisha nikazisukuma nje kwa msumari uliokatwa ncha. Msuka, kile chuma kinachoingia kwenye mpini, ulikuwa mzima chini ya uchafu. Nilichagua mninga. Mpingo unapendeza na kila mtu angeusifu, lakini ni mzito, na kisu chembamba kikifungwa mpini mzito kinaelemea nyuma. Mkono wa mtu anayemenya magunia unachoka. Mninga uliokauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana, jambo kubwa kwa kitu kinachoshinda kwenye maji na mvuke. Mabaki ya seremala yanatosha. Ukitumia mpingo, ufute kwanza kwa asetoni, kwani una mafuta yanayoizuia gundi kushika. Kwa mti wowote, funika pua na mdomo unapopiga msasa.

Nilikata vipande viwili vya unene wa milimita 9. Ncha zake za mbele, zile zinazoelekea kwenye bapa, zimalize kabisa kuzipiga msasa kabla ya kugundisha. Baadaye hutazifikia bila kulikwaruza bapa. Toboa kipande kimoja kwa kufuata matundu ya msuka, kisha cha pili kwa kupitia cha kwanza, ili matundu yalingane. Kwa ribiti nilitumia waya mnene wa shaba wa milimita 4, ule wa uzi mmoja, niliopewa na fundi umeme. Gundi ni ile ya epoksi ya mirija miwili. Bana kwenye jiliwa kwa kiasi, kwa sababu ukikaza mno gundi yote inatoka pembeni, uache saa 24. Ndipo ugonge ncha za shaba taratibu kwa nyundo ndogo, huku na huku, mpaka zitanuke na kujaza tundu.

Umbo la mpini ndilo lililonichukua muda, na sijutii. Mkono wa shoga yangu ni mdogo, vidole vifupi, na anakishika kisu mbele kabisa, kidole cha shahada kikigusa chuma. Kwa hiyo nilipunguza unene wa mbele, nikaacha tumbo kidogo nyuma ili kisimponyoke mkono ukiwa na mafuta. Halafu nikafanya kitu ambacho viwandani hawakifanyi mara nyingi: niliviringisha mgongo wa kisu na ile kona ya nyuma ya makali kwa tupa laini na msasa, pembe zote zikaisha. Anayekata vitunguu saa tatu mfululizo huumizwa kidole na pembe ya mgongo kabla hajaumizwa na makali. Ikiwa utaiga jambo moja tu katika maelezo haya, liwe hilo.

Mpini ukiwa tayari, yeyusha nta ya nyuki sehemu moja na mafuta ya nazi sehemu tatu, upake ikiwa vuguvugu, ufute. Mafuta ya kitani nayo ni mazuri, ila kitambaa ulichopakia usikikunje na kukitupa pembeni; kitandaze kikauke, maana kikirundikwa kinaweza kuwaka chenyewe.

Kunoa ni mwisho, usije ukajikata ukiwa bado unahangaika na mpini. Kinoo cha dukani chenye pande mbili kinatosha. Kama kuna mapengo, simamisha makali wima juu ya upande mkwaruzo, vuta mpaka mstari unyooke, ndipo uanze kunoa. Lowesha kinoo, laza kisu, inua mgongo. Bapa la upana wa sentimita 3 likiinuliwa milimita 8 hivi linakupa pembe ya nyuzi 15, inayofaa kwa vitunguu na nyanya. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole, upande wa pili, kijiunywele cha chuma kimejitokeza urefu mzima wa makali. Kisipojitokeza hujafika, na kuhamia upande laini hakutakuokoa. Kikitokea, geuza. Kisha upande laini, mikono ikiwa miepesi, na mwisho mapigo machache kwenye mkanda wa ngozi, makali yakifuata nyuma. Kinolewacho hupata. Kijaribu kwenye nyanya iliyoiva: ganda likatike kwa uzito wa kisu peke yake.

Unapompa, mpe na maelezo. Siku za mwanzo vitunguu na ndimu vitalipiga bapa rangi, na huenda chakula kikachukua harufu kidogo ya chuma. Rangi ikikolea, harufu inaisha. Kisilale kwenye karai la vyombo. Kioshwe, kikaushwe kwa kitambaa, kipakwe tone la mafuta ya nazi kabla ya kuwekwa. Na watoto wa jikoni waambiwe hiki si cha kufungulia makopo. Mimi nilimshonea na ala ya ngozi ili kisigongane na miiko kwenye kapu lake la kazi, tukakubaliana kwamba msimu wa harusi ukikaribia aniletee, nikinoe upya.