Somo: Kununua na Kutumia Msumeno wa Radiali wa Zamani

Ndugu wanachama, msumeno wa radiali ni ile mashine ambayo mota na diski yake hubebwa na kitoroli kinachotembea chini ya mkono wa chuma, mkono wenyewe ukiwa umeshikwa na nguzo iliyosimama nyuma ya meza. Ubao hulala tuli, na fundi huuvuta msumeno kuja upande wake. Aliyeubuni ni Raymond DeWalt mwaka 1922, alipokuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao huko New Jersey, Marekani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1925. Mashine za miaka ya 1950 na 1960 bado zimejaa katika magereji ya Marekani, na sisi tunaoishi huku Marekani tunazipata kwa bei nafuu sana. Yangu niliinunua kwa dola 80, na diski niliyoifunga ilinigharimu karibu kiasi hicho hicho.

Kabla ya hatua yoyote, naomba jambo moja lieleweke vizuri. Meno ya chini ya diski huzunguka kuelekea nguzo, yaani yanamkimbia fundi, na kwa sababu hiyo diski inapouma ubao huwa inajisukuma yenyewe kumfuata anayeivuta. Uchaguzi wa diski, ukazaji wa boliti na namna ya kusimama, vyote vinatokana na tabia hiyo.

Hatua ya kwanza: ukaguzi kabla ya kulipa

Chomoa plagi. Funga mkono wa mashine kwenye nyuzi sifuri, shika ncha yake ya mbele, kisha isukume kushoto na kulia kwa nguvu ya wastani. Ukisikia ncha inacheza, chunguza iwapo mchezo huo unatoka kwenye nguzo, ambako kwa kawaida kuna boliti za kukaza, au unatoka kwenye chuma kilicholika, ambacho hakina dawa rahisi.

Baada ya hapo vuta kitoroli taratibu tangu nyuma hadi mbele huku kiganja chako kikiwa juu ya mota. Beringi hupita kwenye njia mbili zilizochongwa ndani ya mkono, na kwa kuwa mafundi wengi hukata mbao zenye upana mdogo, sehemu ya karibu na nguzo ndiyo inayochakaa kwanza. Pitisha kidole ndani ya njia hizo. Nilipokagua mashine moja katika chumba cha chini cha nyumba iliyokuwa ikiuzwa, kidole changu kilizama kidogo kwenye bonde ambalo jicho halikuliona, likiwa limefunikwa na grisi kavu iliyochanganyika na vumbi la mbao. Niliiacha mashine ile ingawa rangi yake ilikuwa inang'aa. Kutu ya juu juu huondoka kwa brashi ya waya, lakini bonde kwenye njia ya beringi halizibiki.

Mwisho, rudisha plagi, washa mota na uisikilize. Mngurumo mzito usiofuatwa na mzunguko mara nyingi ni dalili ya kapasita (kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuanza kuzunguka) iliyokufa, nayo ni rahisi kubadilisha. Mlio wa kusaga ni wa beringi za mota.

Wanaotazama mashine za chapa ya Craftsman wajue kwamba mwaka 2000 kampuni ya Emerson Electric, iliyozitengeneza, ilitangaza marekebisho ya takriban mashine milioni 3.7 zilizouzwa kati ya 1958 na 1992, kwa kuwa kinga yake haikufunika diski yote. Uliza kama mashine unayoinunua ilifungwa kinga mpya.

Hatua ya pili: kunyoosha mashine

Utaratibu una mpangilio wake, na ukiuruka utarudia kazi. Anza na meza. Toa diski, inamisha mota hadi shafti itazame chini, kisha itembeze juu ya kila pembe ya meza huku ukipitisha kipande cha karatasi chini ya ncha ya shafti. Karatasi ikwame kwa kiasi kile kile kila mahali. Kumbuka kwamba nati ya diski kwenye nyingi ya mashine hizi ina uzi wa kushoto, hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kama unavyokaza nati ya kawaida.

Meza ikishakaa sawa, rudisha diski, egemeza skwea (kipimo cha pembe mraba) kwenye ubao wa kuegemezea, yaani ule uliosimama nyuma ya meza ambao mbao huegemezwa wakati wa kukata, tia alama jino moja, na uvute kitoroli. Jino hilo liguse skwea mwanzo hadi mwisho. Kisha simamisha skwea juu ya meza na uhakikishe diski iko nyuzi 90.

Kosa linalosahauliwa zaidi ni diski kwenda upande, yaani sehemu ya nyuma ya diski kutopita palepale ilipopita sehemu ya mbele. Hapo ubao hutoka na mikwaruzo ya nusu duara upande mmoja wa mkato, na plaiwudi huchanika. Wengi hulaumu diski na kununua nyingine, ilhali kinachotakiwa ni kugeuza mota kidogo tu ndani ya fremu yake.

Hatua ya tatu: diski na ukataji

Nunua diski ambayo meno yake hayainami mbele, pembe yake iwe nyuzi sifuri, au hasi 5, yaani yameinama nyuma kidogo. Kwa mashine ya inchi 10, meno 60 yanafaa. Mimi niliwahi kutumia diski ya msumeno wa meza, ambayo meno yake yameinama mbele, kwenye ubao wa mwaloni, na kitoroli kilinirukia hadi mota ikakwama. Mkono wangu ulibaki unatetemeka kwa muda. Tangu siku hiyo sikuirudia.

Unapokata, bana ubao, weka kiganja mbali na njia ya diski kwa sentimita 15 au zaidi, kaza kiwiko cha mkono unaovuta, na uwe tayari kuzuia zaidi kuliko kuvuta. Rudisha msumeno nyuma kabisa kabla ya kugusa ubao. Ni vema pia mashine nzima iinuke kidogo upande wa mbele, ili kitoroli kisije chenyewe.

Kuhusu kupasua mbao kwa urefu, mashine hii inaweza, lakini mimi siipendekezi. Ubao ukiingizwa kwa upande usiofaa diski huunyakua na kuurusha kama mshale. Kazi hiyo ifanyieni kwenye msumeno wa meza.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Je, naweza kuisafirisha mashine hii hadi Arusha?

Marahaba. Mota hizi zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, na nyingi zinaweza kuunganishwa kwa volti 120 au 240. Kwenye hezi 50 mizunguko hushuka kutoka 3,450 hadi karibu 2,875 kwa dakika, jambo linalovumilika. Tatizo ni kwamba volti 230 kwenye hezi 50 hupasha mota joto kupita kiasi. Weka transfoma ya kushusha hadi volti 200 hivi. Kubadilisha mota si rahisi, kwa sababu umbo lake ni sehemu ya mashine.

Fundi, mbona yangu inakwama katikati ya ubao mnene hata kwa diski mpya?

Kagua nguzo kwanza. Mkono ukicheza, diski hupinda ndani ya mkato na kubanwa. Ukiwa imara, kata kwa awamu mbili, ukishusha diski nusu ya unene kila mara.

Dada mmoja ameuliza kama msumeno mdogo wa kukatia pembe hautoshi.

Kwa kukata tu, unatosha. Ila kwa kuchimba mifereji ya rafu au kuunga mbao nusu kwa nusu, radiali ni bora, kwa sababu mstari wa penseli unabaki juu unauona, na kina hupangwa kwa kuzungusha mpini. Kama kazi yako ni makabati, dada, inunue. Kama ni fremu za picha, baki na huo ulio nao.