Somo: Jinsi ya kukagua mafunzo ya polisi kuhusu matumizi ya nguvu

Askari akiua, uchunguzi huanzia pale risasi ilipotoka. Wewe rudi nyuma dakika chache: alifikaje pale, alisimama wapi, alisema nini?

Hatua ya 1. Omba mtaala wa chuo cha polisi. Hesabu saa za shabaha, kisha saa za kuzungumza na mtu aliyechanganyikiwa.

Hatua ya 2. Ulinganishe na Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu polisi kutumia nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990. Kanuni ya 20 inataka askari wafundishwe kushawishi, kujadiliana na kupatanisha.

Hatua ya 3. Omba kuhudhuria mazoezi. Msiiruke hii, hata wakiwapa mtaala mzuri kiasi gani. Mfano: mtu yuko peke yake chumbani, ameshika kisu. Askari aliyefunzwa vibaya humsogelea akifoka "Weka chini!", na akishafika karibu hana tena njia ila bunduki. Aliyefunzwa vizuri hubaki nyuma ya kizuizi. Anaongea mmoja tu, taratibu, akimwita mtu yule kwa jina. Umbali humpa muda. Louisville, Marekani, walipofundisha hivi, watafiti waliona matumizi ya nguvu yamepungua kwa takriban 28%, na askari walioumia wakapungua pia.

Hatua ya 4. Uliza kama wanafanyia mazoezi kumzuia mwenzao anapozidisha nguvu. Polisi wa Minneapolis, Marekani, walikuwa na sharti hilo tangu 2016. Mwaka 2020 askari wao Derek Chauvin alimkandamiza raia, George Floyd, kwa goti zaidi ya dakika 9 hadi akafa, huku wenzake watatu wakiwepo, mmoja wao akiwa ni askari mpya kazini aliyefunzwa kazi na Chauvin mwenyewe. Kijana wa namna hiyo atamvutaje mkono mkubwa wake, kama hajawahi kulifanya hata darasani?

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Askari akisubiri, si atauawa yeye?
Jibu: Anasubiri akiwa amejikinga, hasimami wazi. Ila kama mtu yule anamshambulia mwingine muda huo huo, lazima aingilie mara moja.

Swali: Kamera za kifuani hazitoshi?
Jibu: Hazitoshi. Utafiti wa Washington, D.C. uliotolewa 2017 haukuona tofauti ya maana ya matumizi ya nguvu kati ya askari wenye kamera na wasio nazo. Zidaini kama ushahidi, na picha ziangaliwe na watu wasio polisi.

Swali: Chuo kikigoma kutoa mtaala?
Jibu: Ombeni kwa maandishi, mtunze nakala. Wakikataa, barua ya kukataliwa ipelekeni kwa mbunge wenu na kwa chombo kinachosimamia polisi.