Kumhamisha Simba, Kumlisha na Kuosha Chumba Chake: Kazi ya Siku ya Mtunza Wanyama Dar

Kabla hujagusa komeo lolote, hesabu simba. Kama ubao wa mlangoni unasema watatu, uwaone watatu kwa macho yako. Kivuli hakihesabiki, mngurumo hauhesabiki. Simba akijilaza nyuma ya tangi la maji humwoni mpaka uwe umeshaingia.

Banda lililojengwa vizuri lina uwanja wa nje, vyumba vya kulala visivyopungua viwili, na ushoroba wa mtunzaji. Kati ya uwanja na vyumba pana mlango wa kuvuta, nao huvutwa kwa waya ukiwa ushorobani. Ushoroba wenyewe una milango miwili: wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza uwe umefungwa na kufuli limebanwa. Chora mstari mwekundu sakafuni, mita 1.5 kutoka kwenye nondo, na usiuvuke bila sababu. Mwaka 1686, kwenye Mnara wa London walikofugwa simba wa mfalme, Mary Jenkinson alinyoosha mkono kumpapasa simba unyayo mbele ya wageni wake. Simba akaudaka. Ilibidi mkono ukatwe, na bado akafa. Nondo zilikuwepo siku hiyo.

Waingize vyumbani saa 11 jioni, jua likiwa limepungua na njaa imefika. Weka nyama ndani kwanza, toka, funga, hesabu, ndipo uvute mlango. Kila simba na chumba chake wakati wa kula, la sivyo dume litakula nyama ya wote na jike litakonda huku daftari likionyesha kilo zilezile. Akigoma kuingia, mwache. Ukimrushia mawe au kumpigia makelele leo, kesho hataingia kabisa.

Dume mzima hula takriban kilo 7 za nyama yenye mifupa kwa siku, jike kilo 5, na siku moja kwa wiki hawapewi kitu ila maji. Nyama ya machinjio ya Vingunguti ni nzuri mradi ije na mifupa, ngozi na moyo. Kosa linalorudiwa ni kuwapa watoto wa simba steki tupu, kwa kudhani ndiyo bora. Steki ina fosforasi tele na kalsiamu kidogo sana, hivyo mwili hunyonya kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake wenyewe: mtoto anaanza kuchechemea, miguu inapinda, uti wa mgongo unavunjika kwa kuruka tu. Kama mifupa haipatikani, changanya gramu 5 hadi 10 za maganda ya mayai yaliyosagwa laini kwa kila kilo ya nyama. Maini yawe kidogo, mara moja kwa wiki, maana vitamini A ikizidi nayo huharibu mifupa. Mzoga wa mnyama aliyechomwa sindano ya kuulia usiupokee hata ukipewa bure. Dawa hubaki nyamani na humuua anayeula. Umeme ukikatika usiku kucha na nyama ikapoteza ubaridi, itupe.

Asubuhi, wakiwa uwanjani na mlango wa kuvuta umefungwa kwa kufuli, osha vyumba. Utaratibu wake una sababu. Zoa kinyesi na mifupa kikavu. Kisha mwaga maji mengi mpaka harufu ya mkojo ipungue, ndipo utie jiki. Jiki ikikutana na mkojo, ambao una amonia, hutoa hewa inayochoma mapafu, na ushoroba mwembamba usio na dirisha haukupi pa kukimbilia. Jiki ya asilimia 3.5 hutiwa mililita 300 kwenye ndoo ya lita 10. Iache dakika 10, suuza vizuri, acha pakauke kabla simba hajarudi. Dawa za fenoli, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, usizilete kabisa kwenye banda hili: jamii ya paka hawawezi kuivunja sumu hiyo mwilini, na simba hujilamba nyayo.

Hewa ya chumvi ya Dar hula chuma kuliko simba anavyokitafuna. Kila wiki paka grisi kwenye makomeo, fagia mchanga na manyoya kwenye reli ya mlango wa kuvuta, na gonga nondo kwa nyundo pale zinapoingia kwenye zege. Hapo ndipo mkojo hutuama, na nondo iliyooza hutoa mlio mfu. Kufuli ziwe za shaba.

Kama uwanja una handaki badala ya uzio, shukuru Carl Hagenbeck, aliyefungua bustani yake Stellingen, Hamburg, mwaka 1907, ambako wageni walimtazama simba bila nondo katikati. Lakini handaki la Hamburg halikupigwa na masika ya pwani yetu. Mvua za Machi hadi Mei hushusha tope na matawi, na ukuta wa mita 4.5 ukipoteza mita 1 kwa chini, simba anaanza kuupima. Zoa tope handakini mwezi Februari, na uzibue mifereji.

Mbwa wa mtaani asisogee uzio. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vile vilihusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Kwa hiyo viatu vya bandani vibaki bandani. Usivivae kwenda nyumbani kulisha mbwa wako kisha ukarudi navyo.

Jioni, kabla ya kukabidhi funguo, hesabu tena simba, na uandike idadi kwenye ubao kwa mkono wako.