Bibi anataka kukaa na mjukuu: aanzie wapi?

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Dodoma. Bibi na babu wengi wakiingia ofisini huanza na "huyu ni damu yangu." Naam, damu hatubishani nayo, ila mahakamani utaulizwa umemlea vipi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 37, inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba akae naye. Cha 38 kinamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea kuomba awe anamwona.

Hatua ya 1: kusanya ushahidi wa malezi. Hapa usiwe na haraka. Bibi mmoja wa Chamwino alifungua fundo la khanga mezani kwangu: kadi ya kliniki iliyochakaa, kurasa zimeshikana kwa mafuta, lakini uzito umejazwa mwezi baada ya mwezi, cheti cha kuzaliwa, risiti ya sare. Tulianza na ile kadi. Kama wazazi wamefariki, ongeza vyeti vya vifo. Kifungu cha 9 kinakubali majukumu ya mzazi yahamie kwa ndugu wa upande wowote, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Kwa hiyo ukoo ukikaa baada ya matanga ukaamua, muhtasari uandikwe na waliokuwepo wasaini. Maneno ya mdomo husahaulika shamba likianza kugombaniwa.

Hatua ya 2: mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ataita pande zote, na mashauri mengine huishia hapo. Usimvizie mtoto getini shuleni ukaondoka naye. Kumchukua kinyume cha sheria kutoka kwa mwenye haki ya kukaa naye ni kosa.

Hatua ya 3: peleka maombi na hati ya kiapo (maelezo yako ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli) Mahakama ya Watoto. Shauri husikilizwa faragha. Ukiomba kumwona, taja siku: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu hadi saa kumi, na wiki moja ya likizo ya Desemba. "Nimwone mara kwa mara" huzaa ugomvi mpya.

Hakimu atapima maslahi ya mtoto, umri wake, maoni yake, na kutomtenganisha na kaka na dada zake. Sheria pia inaona ni vema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa haki zake zinavunjwa mara kwa mara. Kwa hiyo babu, kama mkweo yu hai na anamtunza vizuri, mimi nakushauri uombe kumwona tu.

Amri ikitoka, chukua nakala mbili zenye muhuri. Moja mpelekee mwalimu mkuu.