Namna ya Kukusanya Maneno ya Kiamu, Lahaja ya Lamu, kwa Wazee
Usianze kwa kumuuliza bibi, “Kitu hiki mlikiitaje?”, kwani swali la namna hiyo huleta jibu la darasani, afadhali umwombe akueleze jinsi mpunga ulivyotwangwa kinuni na kupetwa kwa ungo, na maneno yatakuja yenyewe. Anaposema mtele, ndia au mato, andika hivyo hivyo, wala usimsahihishe kuwa mchele, njia na macho, maana t badala ya ch na nd badala ya nj ni alama za Kiamu, ambazo Kimvita, lahaja ya Mombasa, nacho kinazo. Chini ya kila neno weka sentensi yake nzima pamoja na kijiji. Kurekodi sauti kwahitaji idhini. Mwishowe msomee ulichoandika. Atakukosoa, tena bila huruma.